Ukuta Ulioinama na Mashine Isiyo na Kifuniko: Somo la Fiqhi ya Usalama Kazini

 

Ndugu msomaji, swali la somo letu la toleo hili ni hili: mwenye mashine ya kuvunja mawe au ya kufyatua matofali anajua kwamba mashine yake ina hatari, na dawa ya hatari hiyo inajulikana. Anaiacha vilevile, mpaka siku inamkata kibarua vidole. Je, ana jukumu gani mbele ya Allah na mbele ya sheria? Watu wengi kwetu hujibu kwa neno moja, "qadari", kisha wanamchangia majeruhi nauli ya hospitali na kazi inaendelea kama jana. Nataka tulitazame jibu hilo kwa vitabu vyetu wenyewe, kwa sababu fiqhi imelizungumza jambo hili kwa undani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Swali hili linatuhusu sisi wa Rubavu kwa namna ya pekee. Tunaishi chini ya Nyiragongo. Mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba nyingi za mji wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini. Mto Sebeya ulifurika, na zaidi ya watu 120 walifariki katika mikoa hiyo. Baada ya kila msiba watu hujenga upya, na ujenzi unadai mawe, kokoto, mchanga, bloku na matofali. Kila nyumba unayoiona ikinyanyuka ina mikono ya vibarua nyuma yake, na wengi wao ni jirani zetu, wazazi wetu, au sisi wenyewe wakati wa likizo.

KAZI YENYEWE NA HATARI ZAKE

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba kutoa hukumu juu ya kitu kunafuata kukifahamu. Basi tuanze na kukifahamu.

Njia ya kwanza ya kupata kokoto ni nyundo. Mtu huketi chini siku nzima, mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni, anapasua amakoro, yale mawe meusi ya lava, kipande kwa kipande. Hatari yake ni vidole, mgongo na macho. Kijiwe kimoja kikiruka hutosha kupofua jicho, na mtoto aliye mgongoni hana kinga yoyote.

Njia ya pili ni mashine ya kuvunja mawe, ambayo wengi huiita krasha. Ina taya mbili za chuma, moja imesimama na nyingine inakwenda na kurudi. Taya hiyo huzungushwa na gurudumu zito linalovutwa na mkanda kutoka kwenye injini ya dizeli au mota ya umeme. Mashine hii ina hatari nne kubwa. Mkanda na gurudumu vikiwa wazi hunasa nguo, kitambaa cha kichwani au mkono. Jiwe kubwa likikwama kwenye taya, kibarua hupanda juu na kulisukuma kwa mtalimbo huku mashine inazunguka, na hapo ndipo watu hupoteza viungo. Vumbi hutoka kwenye taya na mahali kokoto zinapodondoka. Na kelele huua masikio polepole bila mtu kuhisi.

Kwenye kufyatua bloku, mashine ya kuchanganya zege ina mapanga yanayozunguka ndani ya pipa, na mtu akiingiza mkono kukwangua zege mapanga hayachagui. Saruji mbichi nayo ni kali, hubabua ngozi ya miguu na mikono isiyo na viatu wala glavu.

Kuhusu vumbi, tuwe waangalifu tusiseme kila vumbi ni sawa. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo ukilinganisha na miamba mingi duniani, na hiyo ni sababu mojawapo ya wepesi wake wa kutiririka. Mchanga, granaiti na mawe mengine yenye kwazi ndiyo yenye silika nyingi. Vumbi laini la silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka silika hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la lava lina hatari ndogo kwa upande huo, lakini bado huziba kifua na kuumiza macho. Na mchimbaji wa leo kwenye amakoro kesho huenda akawa kwenye mchanga.

HADITHI YA MACHIMBO

Sasa tuje kwenye dalili. Mwenye machimbo aliyesoma kidogo anaweza kutujibu kwa hadithi sahihi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa madhara yanayofanywa na mnyama hayana fidia, na vivyo hivyo anayeangamia kisimani na anayeangamia machimboni. Kwa dhahiri yake, mtu akifukiwa na machimbo, mwenye machimbo hadaiwi kitu. Je, mjadala umekwisha?

Haukwisha. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, anaeleza maana ya hukumu hii: mtu amechimba katika milki yake au katika ardhi isiyo na mwenyewe, mpita njia akatumbukia, au amewaajiri watu wachimbe, machimbo yakawaporomokea. Hapo hakuna dhamana. Lakini aliyechimba kisima katika njia ya watu bila ruhusa, huyo ana dhamana. Maana yake ni kwamba hadithi imeweka asili tu. Asili hiyo inabadilika pale mtu anapovuka mpaka, yaani anapofanya taadi.

Vilevile kuhusu mnyama. Hadithi imesema madhara yake hayana fidia, lakini Imam Malik katika Muwatta anamdhaminisha anayempanda, anayemwongoza na anayemswaga, kwa yale ambayo mnyama huyo ameyagonga. Mnyama hana akili, ila aliye na hatamu mkononi anayo. Zingatia hapo, ndugu yangu: mashine haina akili, lakini ina mtu aliyeiwasha, mtu aliyeamua iendeshwe vipi, na mtu anayekula faida yake.

UKUTA ULIOINAMA

Mlango wa fiqhi ulio karibu zaidi na swali letu ni mlango wa ukuta ulioinama. Nao, kwa bahati nzuri, ni mlango wa mafundi ujenzi.

Majallat al-Ahkam al-Adliyya ni sheria iliyoandikwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa msingi wa madhehebu ya Hanafi. Kifungu chake cha 928 kinasema kwa maana hii: ukuta wa mtu ukianguka na kudhuru, mwenyewe hana dhamana. Lakini kama ukuta ulikuwa umeshainama, na mwenye haki ya kumwonya akamwonya aubomoe, ukapita muda ambao angeweza kuubomoa naye hakufanya, basi analipa. Kifungu cha 929 kina mfano wa ng'ombe apigaye pembe: mwenyewe ameambiwa na watu wa mtaa amfunge, akamwacha. Naye analipa.

Masharti matatu yanajitokeza hapo: hatari ionekane, onyo litolewe, na uwezo wa kurekebisha uwepo. Yakitimia matatu hayo, neno "ajali" halimwokoi tena mwenye mali.

Sisi Mashafii wa Afrika Mashariki tuna Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi. Humo amepambanua kwa namna nyingine. Aliyejenga ukuta wake ukiwa umeinamia njia tangu mwanzo ana dhamana ukianguka. Aliyeujenga umenyooka, kisha ukainama wenyewe na kuanguka, hana dhamana. Na ipo kauli nyingine kwamba atadhamini ikiwa aliweza kuubomoa au kuurekebisha.

Nikilinganisha na mashine, naona hivi. Krasha iliyonunuliwa au kuundwa bila kifuniko cha mkanda, au ambayo mwenyewe alikiondoa kifuniko ili iwe rahisi kuitia grisi, ni ukuta uliojengwa umeinama tangu mwanzo. Krasha ambayo kifuniko chake kililegea kwa uchakavu ni ukuta uliojengwa umenyooka kisha ukainama. Ya kwanza ina jukumu zito kwa madhehebu zote mbili. Ya pili ina khilafu, na kwa kauli ya wanaozingatia uwezo wa kurekebisha, jukumu lipo. Ulinganishi huu ni wangu mimi mwanafunzi, si fatwa. Mlango wa ukuta unazungumzia zaidi njia ya watu wote, na eneo la kazi ni milki ya mtu. Wenye elimu kubwa kuliko mimi waupime. Lakini roho ya hukumu iko wazi: aliyejua, akaweza, akaacha, hayuko sawa na aliyeshtukizwa.

PINGAMIZI TATU

La kwanza: "Kibarua aliiona hatari akakubali mwenyewe." Mali ya mtu anaweza kuiruhusu ipotee, lakini nafsi yake ni amana. Qur'ani katika Surat al-Baqara aya ya 195 na Surat al-Nisaa aya ya 29 inatukataza kujitia maangamizoni na kujiua. Ruhusa ambayo mtu hana haki ya kuitoa haimfai aliyeipokea. Tena ruhusa ya mwenye njaa, ambaye akikataa kazi leo watoto hawali jioni, tunaijua uzito wake.

La pili: "Ni qadari ya Allah." Ni kweli, na kifuniko cha mashine nacho ni katika qadari ya Allah. Umar (r.a.) alipokaribia Sham na kusikia kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka kwenye qadari moja ya Allah kwenda kwenye nyingine. Imani ya qadari humliwaza mtu baada ya msiba. Haikuwekwa iwe kisingizio kabla yake.

La tatu ndilo zito, kwa sababu linasemwa na wema pia: "Mashine bora ni ghali, na tena itawatoa kina mama wa nyundo kazini." Krasha moja huvunja kwa saa moja kazi ya watu wengi kwa siku. Hapa tuna kanuni isemayo kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Kumwokoa mama macho yake kisha kumnyima chakula si suluhisho la Kiislamu. Basi utaratibu ni kwamba mashine iingie pamoja na wale wale waliokuwa wakipasua kwa nyundo, kama washirika wa kooperativi na si kama waliofukuzwa. Hapo inafaa tukumbuke hadithi ya Abu Dharr (r.a.) iliyo katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiloliweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Mashine iliyowekwa vizuri ni aina ya msaada huo.

KUREKEBISHA KWANZA, KUNUNUA BAADAYE

Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi. Bora ni kuiondoa hatari yenyewe. Kisha kuibadilisha na yenye hatari ndogo. Kisha kuizuia kwa ufundi, kama kifuniko au maji. Kisha kupanga kazi na mafunzo. Vifaa vya kuvaa, kama barakoa, miwani na glavu, ni ngazi ya mwisho. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho: tunagawa barakoa za kitambaa, tunapiga picha, tunaondoka. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini.

Wazee wetu waliujua mpangilio huu. Al-Shayzari, katika kitabu chake cha hisba cha karne ya 12 Miladia, anamtaka msimamizi wa soko ahakikishe maduka ya waoka mikate yana dari za juu na matundu mapana ya kutolea moshi ili watu wasidhurike. Al-Mawardi kabla yake alimpa msimamizi huyo kazi ya kuzuia wanyama wasibebeshwe kupita uwezo wao. Jengo na mzigo vilirekebishwa, hakuambiwa mtu avumilie moshi.

Kwa krasha na mashine za bloku za mji wetu, marekebisho mengi hayahitaji mashine mpya. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kifuniko cha wavu wa chuma juu ya mkanda na gurudumu. Bomba lenye matundu madogo linalonyunyizia maji kwenye taya na kwenye mdondoko wa kokoto hupunguza vumbi sana. Wavu wa kuchuja mawe makubwa kabla hayajafika kwenye taya hupunguza kukwama. Kitufe chekundu cha kuzima kiwe karibu na anayelisha mawe, si kule iliko injini. Kwenye mashine ya zege, kiwekwe kifuniko ambacho kikifunguliwa mota inazimika. Na sharti moja lisilo na gharama: jiwe likikwama, mashine izimwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayepanda juu, si mfukoni mwa kapita.

Mashine mpya pia si salama kwa upya wake tu. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kule Bugarama, wilaya ya Rusizi, kilianzishwa mwaka 1984, na mwaka 2015 kikazindua mtambo mpya wa njia kavu wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Njia kavu hutumia nishati kidogo kuliko ile ya zamani ya kusaga malighafi kwa maji. Lakini kokote inakotumika, unga mkavu unadai vichujio vya vumbi vinavyotunzwa kila siku. Anayenunua mtambo kwa ajili ya tani peke yake anaweza kupata tani pamoja na vumbi. Usalama lazima uandikwe kwenye orodha ya manunuzi tangu mwanzo.

Na kuacha dawa inayojulikana kuna bei yake. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia, Marekani, vibarua walitoboa handaki la Hawk's Nest kupitia mwamba wenye silika nyingi. Kutoboa kwa kutumia maji kulikuwa kunajulikana, lakini walitoboa pakavu ili kazi iende mbio. Mamia walikufa kwa mapafu, wengi wao Wamarekani weusi waliotoka mbali kutafuta riziki. Ukuta ule ulikuwa umeinama, na waliokuwa na uwezo wa kuunyoosha walikuwa wanaona.

SHERIA YA NCHI

Kutii sheria yenye maslahi ni katika dini yetu. Sheria Namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda inamjukumisha mwajiri usalama na afya ya wafanyakazi wake mahali pa kazi. Kupitia RSSB, mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na maradhi ya kazini. Kwa hiyo kibarua aliyeandikishwa ana haki, si sadaka. Mituweli itamsaidia matibabu, lakini haimlipi mshahara wa miezi ambayo mkono wake haufanyi kazi. Anayewatumia vibarua bila kuwaandikisha amewanyima kitu ambacho ni chao.

TUFANYE NINI SISI WANAFUNZI?

Tumeona kwamba onyo hubadilisha hukumu. Basi kazi ya kwanza ni kuwafundisha vibarua kuonya kwa njia inayobaki: wawe wawili au zaidi, wamwambie mwenye mashine mbele ya shahidi, waandike tarehe. Wanaosimama kando ya mashine ni kama wakazi wa nyumba ambayo ukuta umeiinamia, wao ndio wenye haki ya kwanza ya kusema. Wengi hawajui kuandika barua. Sisi tunajua.

Pili, walio miongoni mwetu wanaosoma ufundi wachore kifuniko cha krasha kinachoweza kuchomelewa hapa hapa Gisenyi, na mchoro utolewe bure. Tatu, walio katika uchumi waandae mfano wa musharaka inayopungua, ambapo mwenye mtaji na kooperativi wanamiliki mashine pamoja, na kooperativi inanunua hisa zake kidogo kidogo mpaka mashine iwe ya wapasua mawe wenyewe, bila riba. Nne, tuwaombe maimamu wetu walitaje jambo hili kwenye khutba ya Ijumaa. Mwenye machimbo huenda asisome gazeti letu, lakini Ijumaa yupo safu ya mbele.

MASWALI YA HALAKA

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya ukuta uliojengwa umeinama na ukuta uliojengwa umenyooka kisha ukainama, na inahusiana vipi na mashine?
2. Kwa nini hadithi ya machimbo haimwondolei jukumu mwenye mashine aliyeonywa?
3. Kooperativi ina fedha ya kununua barakoa 100 au kufunga bomba la maji kwenye krasha. Waichague ipi, na kwa kanuni gani?
4. Mwenye machimbo anataka kununua krasha na kuwaondoa kina mama 15 wa nyundo. Mshaurini.

Tunamuomba Allah awahifadhi wanaotafuta riziki ya halali kwa mikono yao, awape wenye mali moyo wa kuona kabla ya msiba, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.